Nusu Saa ya Huruma

Tangu nilipoacha kazi sijaweza kukaa kwenye kiti mpaka chai iishe. Nyumba yangu iko Ruashi, na ndege nyingi zinazotua upande huu zinapita juu ya bati langu. Ikivuma moja, natoka nje na mwiko mkononi, natazama juu, natazama saa, najiuliza imetoka wapi na imecheleweshwa na nini. Nyuma yangu bukari, ugali wetu, inaungua. Mdogo wangu Marceline, aliyehamia kwangu eti anisaidie kupumzika, amekwisha kuchoka nami. Juzi alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Yaya, dada yangu, ulitoka ku kazi, ama ulianza kuchunga ndeke sawa mbuzi?" Nikatazama saa tena. Ile ya kutoka Kalemie ilikuwa bado haijapita.

Ninawaandikia ninyi wadogo zangu mliobaki katika ofisi ya safari. Kazi yetu mnaijua, lakini karatasi hii ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine, naye aelewe: sisi ndio tunaomwambia rubani ni mbali gani kutoka kiwanja hiki mpaka kile, atakaa hewani muda gani, abebe mafuta kiasi gani, na akikuta mvua imemfungia mlango aende wapi. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao, wenyewe ulikuwa unaona haya kutajwa.

Siku mliyoniaga kwa keki na Fanta, Gisèle aliniuliza mbele ya wote, "Mama Ngalula, juu ya nini ulikuwa unatukatalia kuongeza dakika kwa bantu ya pale mulangoni? Si ni huruma tu?" Nilicheka, nikaomba kipande kingine cha keki. Sikuwa na nguvu ya kujibu nikiwa nimesimama. Leo najibu. Kuna kijana mmoja aliyekaribia kumpoteza mama yake, mama aliye hai, kwa sababu ya nusu saa ya huruma. Nitafika kwake. Lakini lazima nianze na mtu aliyeitoa hiyo nusu saa, maana sitaki mumhukumu kabla ya kumpenda.

Nilianza kazi nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuo pale Kasapa, nimesoma jiografia, nikadhani ofisi ya ndege ni mahali pa kukaa na kuvuka miguu. Mkubwa wangu alikuwa Papa Ramazani. Baba yake alikuwa seremala, alitoka Maniema na mbao zake na Kurani yake akafika huku akazaa. Papa Ramazani mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, ana kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa laini, na termosi ya chai ya tangawizi ambayo hakumnyima mtu. Alinitazama kuanzia juu, akafika chini, akasimama pale.

"Ile viatu ni ya kanisa," akasema. "Hapa tunakimbiaka."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Kabla ya saa sita nilikuwa nimekimbia mara tatu kutoka ofisini mpaka kwenye ndege, karatasi mkononi, propela inazunguka, rubani ananyoosha mkono dirishani kama mtu anayenunua karanga stesheni. Kesho yake nilivaa raba.

Alasiri ya siku ile ya kwanza alitandaza ramani mezani. "Ngalula, kutoka hapa mpaka Kinshasa iko mbali gani?"

Nikachukua rula, nikapima, nikajibu kwa fahari, "Kilomita elfu moja mia tano na kitu, Papa."

"Ile ni mbali ya karatasi. Miye niko nauliza mbali ya ndeke."

Akanitoa nje, akanionyesha ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia juu ya mlingoti. Ulikuwa umejaa upepo, umeelekea magharibi. "Leo upepo unatoka mashariki," akasema. "Mwenye kwenda Kinshasa anasukumwa mugongoni. Mwenye kurudia anapigana nao. Njia ni moja, lakini iko na mbali mbili. Na kesho zitakuwa zingine." Basi hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Vyote vilivyofuata, rula, pembe, kile kisahani cha duara cha kuzungusha kinachotoa muda na mafuta, vilikuwa ni kujibu swali lile lile kila asubuhi. Kisahani chake alikiita bibi yake wa pili, kwa sababu, alisema, kinajua hesabu zake zote na hakimwambii mtu. Bibi wa kwanza alilisikia neno hilo, akamletea chakula kisicho na chumvi wiki nzima.

Nilijifunza fonie, redio ile ya kukwaruza ambayo mnaiona sasa juu ya kabati mkadhani ni mapambo. Kwenye fonie unamtambua rubani kwa pumzi yake kabla ya jina. Nilijifunza kwamba mawingu ya alasiri, majira ya mvua, hayajali mstari ulionyooshwa kwa rula: rubani anayazunguka, na kiwanja kilichokuwa karibu asubuhi kinakuwa mbali saa nane. Nilijifunza pia kwamba abiria ana saa yake. Mnajua wenyewe Kinshasa wako nyuma yetu saa moja. Mama mmoja mwenye kuuza vitenge alirudi kutoka kule, akaja moja kwa moja dirishani kwetu, amefura.

"Kwenda, saa moja na nusu. Kurudia, saa tatu na nusu! Ule chauffeur yenu alipitia wapi? Alienda kwanza kusalimia bibi yake ya Mbuji-Mayi?"

Papa Ramazani akamweleza polepole, akamchorea jua kwenye karatasi, akamwonyesha Kinshasa bado ni asubuhi wakati sisi tunapika. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, Papa. Nimesikia. Lakini umwambie asirudilie tena."

Sasa nije mlangoni, maana neno langu liko pale.

Kwetu mtu hasafiri peke yake hata kama tiketi ni moja. Anasindikizwa. Na waliomsindikiza hawarudi nyumbani ndege ikiruka. Wanarudi wakisikia amefika. Wanakaa pale kwenye ukingo wa saruji na mkate wao na karanga zao, wanautazama mlango wetu, na kila anayetoka wanamrukia: "Papa, bamefika?" Ndege zinazokwenda kwenye viwanja vidogo vya udongo, kule kaskazini, zamani hazikuwa na habari nyingine isipokuwa ile tuliyoipata kwenye fonie. Kwa hiyo tulikuwa tunawapa saa ya kungojea.

Papa Ramazani alinifundisha hivi: "Karatasi ya rubani, uandike kweli tupu. Mulangoni, uongeze nusu saa."

"Juu ya nini, Papa?"

"Ndeke inabeba mafuta ya akiba. Mama mwenye kungojea habebi. Ukimwambia saa sita, na saa sita ikapita kidogo tu, ataanza kulia mutu yake mbele hajakufa. Sasa shiye njo tunamutilia akiba."

Niliona mwenyewe jinsi ilivyofanya kazi. Ndege ikichelewa kidogo, wao walihesabu imewahi, wakapiga makofi, wakamsifu rubani kwamba ana mbio. Wazee walirudi nyumbani wametulia. Papa Ramazani alisimama pale mlangoni na kofia yake, anawapungia, na hakuna mfanyakazi aliyependwa pale uwanjani kuliko yeye. Nami niliitoa nusu saa hiyo miaka na miaka, kwa furaha, na ningali ninaielewa. Mtu akiniambia ilikuwa ni uongo tutagombana.

Halafu ikaja siku ya Mbuyi.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Papa Ramazani kazini, katikati ya mvua. Mbuyi alikuwa mwalimu, ameolewa kaskazini, upande wa Manono, mimba kubwa, akaanza kutoka damu. Hospitali ndogo ya kule ilikuwa na muuguzi mwenye moyo lakini haikuwa na daktari wa kupasua. Ndege yetu ilikuwa inakwenda huko alasiri, na nafasi ya machela ikapatikana. Waliokuja kungojea uwanjani ni wawili: Mama Ntumba, mama yake mzazi, mjane anayekaa mtaa wa Makomeno, ana mfuko wa nguo za mtoto; na Kalala, kaka yake Mbuyi, kijana wa kuuza taa na nyaya sokoni, simu haimtoki mkononi.

Nilipiga hesabu: ndege inaruka saa nane, inatua saa tisa na nusu. Rubani alikuwa Commandant Mwepu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alisoma karatasi yangu, akatazama mawingu.

"Ile kiwanja ikinyeshewa inakuwa sabuni," akasema. "Kule nitakaa dakika kumi tu. Mugonjwa anikute pale pale."

Nikamwambia hivyo mtu wetu wa kiwanja cha kule kwenye fonie, na saa ya kweli nikampa. Akajibu amepokea. Yeye alikuwa na kiwanja kizima cha kufukuzia mbuzi, na hospitali iko mbali naye kwa barabara mbovu. Aliamini familia imekwisha kuwaambia kwa simu. Familia nayo iliamini saa iliyopewa mlangoni.

Nilikuwa kwenye meza yangu, mlango uko wazi, nikamwona Kalala anamfuata Papa Ramazani. "Papa, itafika kule saa ngapi?"

Papa Ramazani hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake. Pale kwenye ukingo wa saruji Mama Ntumba alikuwa amekaa, amekumbatia ule mfuko wa nguo, anayumba mbele na nyuma, midomo inaomba.

"Saa kumi, mwanangu," akasema. "Saa kumi itakuwa imefika."

Kalala akashukuru kwa mikono miwili, akatoka, akapiga simu. Nilisikia kila neno, wala sikio langu halikushtuka, kwa sababu nilikwisha kulisikia neno hilo mara zisizo na idadi. Kule mbali yule muuguzi akafanya alichopaswa kufanya mtu mwenye akili: hakumpeleka mgonjwa mapema akalale juani kwenye kiwanja kisicho na hata mti. Akamlaza kivulini, akapanga wabebaji wanne na kipoyi cha kubebea mgonjwa, watoke kwa muda wa kufika saa kumi.

Saa tisa na nusu fonie ikakwaruza. "Lubumbashi, niko chini. Mugonjwa iko wapi?"

Nikamtazama Papa Ramazani. Alikuwa anajimiminia chai. Kikombe kikajaa, kikamwagika mezani, naye bado anamimina.

Nilimtuma Kalala apige simu. Akapiga, akapiga, kule mvua ilikuwa imekwisha kuuangusha mtandao. Yeye hakuelewa kwa nini namharakisha. "Si bado saa kumi, Mama?" alisema, na mimi nikashindwa kumtazama usoni. Commandant Mwepu akangoja dakika zake kumi, akangoja nyingine. Abiria wa kule walikuwa wamekwisha kufunga mikanda. Sauti yake ikarudi, chini kuliko kawaida.

"Mama Ngalula, mvua naiona, iko juu ya miti. Niambie kitu."

Ee Mungu wangu. Watu wanadhani hesabu ni kitu baridi. Nilimwambia lililo kweli: magurudumu yakiwa bado yanashika, aruke sasa; yakianza kuteleza, hata mgonjwa akifika hakuna atakayeruka, na ndege itakwama naye kule. Neno hilo ningelisema tena leo. Ila tangu siku ile sijui kulala kwa kufuatanisha.

Akaruka. Wabebaji walikuwa wamefika mahali ambapo kiwanja kinaonekana. Waliiona ndege ikipita juu ya vichwa vyao, kipoyi cha Mbuyi kikiwa begani.

Ilipotua kwetu, gari la wagonjwa lilikuwa linangoja milango wazi. Mama Ntumba alisimama, akawatazama wanaoteremka mmoja mmoja. Walipokwisha, hakumwuliza mtu. Akaenda, akapanda ngazi ya ndege mwenyewe na mfuko wake, akaingia ndani kutazama. Commandant Mwepu alivua kofia, akageukia bawa, akalia kama mtoto.

Mbuyi alikufa kabla ya mapambazuko, na mtoto tumboni.

Wadogo zangu, zamani saa iliyotolewa mlangoni ilibaki mlangoni. Mama aliingoja, ndege ikafika, saa ikafa pale pale, haikumdhuru mtu. Sasa kila mtu ana simu. Saa unayompa mtu kwa kumtuliza inatoka mlangoni, inakwenda kufanya kazi mahali usipopaona: inamwamsha mtu, inamlaza mwingine, inawaambia wabebaji bado mapema. Papa Ramazani alikuwa anatoa dawa ile ile, na ugonjwa ulikwisha kubadilika, hata mimi sikuona. Ndiyo sababu tangu wakati ule mlangoni nilitoa saa ile moja tu ya rubani, na mimi mwenyewe nikatoka kwenda kukaa nao kwenye saruji mpaka ipite. Mliniona nina roho ngumu. Gisèle, sikia vizuri: roho yangu ilikuwa inatetemeka kila mara.

Lakini aliyelipia somo hili si mimi. Ni Kalala.

Alikuja dirishani kwetu siku ya pili ya matanga, ndege ilipokwisha kumleta Mbuyi ndani ya sanduku. Nilijiandaa kutukanwa, ningependa kutukanwa. Hakutukana. Macho yake yalikuwa mekundu, shati ni lile lile la juzi.

"Mama," akaniambia, "niko nakuomba kitu kimoja. Ba noko, bajomba yetu, banasema ndeke ilifika saa tisa na nusu, na miye niliambia bantu saa kumi. Banasema nilikuwa na mbio ya kurudia ku biashara, nikatupa saa yoyote. Nikasema banaambia saa kumi pale ku uwanja. Bakacheka. Banasema bantu ya ndeke banahesabu mpaka upepo, habawezi kukosa nusu saa mzima. Bananiambia, ni weye njo uliua dada yako." Akashika ukingo wa dirisha. "Banakataa nikae chini ya bâche na bengine. Banakataa nishike sanduku kesho. Na mama hanisemeshi. Hata chakula hanipatie. Sasa nimeanza kuwaza pengine ni kweli. Uniambie tu, Mama. Nisikuwe mwenda wazimu."

Wajomba kwetu wakisema neno kwenye matanga, neno hilo halioshwi na mvua. Mtu anabaki nalo mpaka wajukuu wake wanaitwa wajukuu wa yule. Nikisema kweli, namtupa mzee wangu kwa watu waliofiwa; nikinyamaza, namzika kijana huyu karibu na dada yake.

Nyuma yangu kiti kikasogea. Papa Ramazani alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Twende," akasema.

Ndani ya gari nilimkasirikia, tena sana. Nilimkasirikia kwa ile nusu saa, na kwa kunifundisha, na kwa kuwa amekaa pale anatazama nje kama mtu anayekwenda kununua mkate. Wakati ule ule nilimwogopea. Mnajua vijana wa matanga, wamekesha, wamekunywa, wana mtu wa kumtafuta.

"Papa, bale bajeunes batakupiga."

"Bakinipiga," akajibu, "weye uandike saa ya kweli."

Mawe, mama wee! Nilicheka huku machozi yananitoka. Kalala, kwenye kiti cha nyuma, hakujua nacheka nini.

Kule Makomeno bâche, lile turubai la matanga, ilikuwa imefungwa toka ukutani mpaka kwenye mti wa mparachichi, wanaume kwenye viti upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, masufuria nyuma ya nyumba. Kalala hakuingia. Akaenda kusimama pembeni ya ukuta, karibu na matofali, mahali ambapo inaonekana alikwisha kupazoea. Papa Ramazani alivua viatu kana kwamba anaingia msikitini, akapita katikati ya viti vya wanaume, soksi zake kwenye vumbi, akasimama. Mjomba mkubwa akamwuliza yeye ni nani na anatafuta nini.

"Naitwa Ramazani. Minatumika ku uwanja wa ndeke. Nilikuya kusema neno moja, nikimaliza mufanye na miye kile munataka." Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie. "Ule kijana alisema kweli. Hakutupa saa. Saa kumi ni miye njo nilimupatia. Ya kweli ilikuwa saa tisa na nusu, niliijua, iliandikwa na huyu mama hapa, na hakukosa. Miye njo niliongeza."

Kiti kikaanguka. Kijana mmoja alikuwa amesimama, mwingine akamshika mkono. Mjomba mkubwa akasema kwa ukali, "Uliongeza juu ya nini? Mutu anakufa, weye unaongeza?"

"Ni desturi yetu kwa bantu benye kungojea. Ili basiogope mbele ya wakati. Nilifanya vile miaka yote. Nilidhani ni muzuri. Mutafute mutu wa kuweka kosa, ni huyu. Ule mutoto mumurudishe."

Pakawa zogo. Mmoja anasema apelekwe polisi, mwingine anasema ni mzee, mwingine anataka kujua mimi nilikuwa wapi. Papa Ramazani alisimama tu, mikono imening'inia. Nilikuwa nimekwisha kusogea karibu naye, sijui nikifikiri nitamkinga na nini, na mkoba?

Ndipo Mama Ntumba akainuka kutoka kwenye mikeka. Wanawake walijaribu kumkalisha, akawatoa mikono. Akapita mpaka kwa wanaume, na zogo likafa lenyewe. Akasimama mbele ya Papa Ramazani. Alikuwa mfupi, ilimbidi ainue uso.

"Papa. Ile saa ya kweli, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, mama."

"Ndani ya mukono?"

"Ndani ya mukono."

"Ukaniangalia miye pale chini, ukaona sitaiweza."

Akaitikia kwa kichwa.

Mama Ntumba akamtazama. Sikuona hasira. Ningeiona hasira ningepumua.

"Nilizika bwana yangu," akasema. "Nilizika batoto babili mbele ya huyu. Nusu saa ningeiweza, Papa."

Hakungoja jibu. Akageuka, akatafuta kwa macho mpaka akamwona kule kwenye matofali, mwanawe pekee aliyebaki. Akaenda kwanza nyuma ya nyumba. Tulimsikia anafunua sufuria. Akarudi na sahani ya bukari na mboga ya sombe, akaiweka kwenye kiti kitupu, chini ya bâche, katikati ya wajomba zake.

"Kalala," akaita. "Kuya kula."